Mzee kusahau, damu na jeni: maneno tunayoambiana na ukweli wenyewe

Ukikaa na familia zenye zinaangalia mzazi aliyepoteza kumbukumbu, iwe Kondele, Kakamega ama Nakuru, maneno utasikia ni karibu yale yale, na mengine yanaumiza watu bure.

Kuna ile ya ati huyo ni uzee tu, ama mbaya zaidi ati ni mchawi juu anatembea usiku akiongea peke yake. Hapana. Mzee kusahau hivyo mara nyingi ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza 1906, protini zinajikusanya kwa ubongo na seli zinakufa pole pole miaka mingi kabla mtu aanze kupotea njia ya kwake. Kule Marani, Kisii, 2021 akina mama wazee wanne waliuawa wakidaiwa ni wachawi. Sasa mahali neno hilo linaua, mzee akianza kuchanganyikiwa apelekwe hospitali mapema na majirani waelezwe, msingoje.

Halafu "iko kwa damu yenu", yaani mama alipata basi watoto wote mjipange. Hii imenyima watu wengi usingizi. Ni kweli kuna familia chache zenye badiliko kwa jeni (maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) zinazoitwa APP, PSEN1 ama PSEN2, ugonjwa unaanza mapema hata kwa miaka ya arobaini, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, lakini hao hawafiki hata mgonjwa mmoja kwa mia. Wengine karibu wote ni jeni nyingi, na nyingi kati yao kila moja inaongeza hatari kidogo tu, na juu yake kuna presha, sukari, sigara, masikio yasiyosikia vizuri, kukosa shule, na kamati ya jarida la utabibu la Lancet 2024 ilihesabu vitu 14 vya aina hiyo ikasema vikishughulikiwa karibu asilimia 45 ya visa vya kupoteza akili uzeeni vingezuiwa ama kucheleweshwa. Kutibu presha ya mama leo ni kazi ya maana kuliko kuogopa damu yake.

Mwingine anauliza, si wachukue damu ya mgonjwa mmoja waisome yote wamalize? Haiwezi. DNA ya mtu, yaani yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli na ndiyo yamebeba jeni, ina herufi kama bilioni 3, na mimi na wewe tunatofautiana mahali mamilioni, karibu zote hazina shida yoyote, sasa kwa mgonjwa mmoja utajuaje ni gani ilileta ugonjwa? Ndio maana utafiti wa 2022 ulilinganisha watu zaidi ya 111,000 wenye Alzheimer ama wazazi wao walikuwa nayo, na wengine 677,000 na zaidi wasiokuwa nayo, ndio wakapata sehemu 75 za DNA zinazohusika, nyingi zikigusa seli za kinga zilizo ndani ya ubongo. Hiyo inaelekeza wanaotafuta dawa. Haikuambii wewe utaugua mwaka gani.

Lakini dhana yenye inanisumbua zaidi ni hii ya "wazungu washapima, inatosha." Wengi sana kwa hizo hesabu ni watu wa asili ya Ulaya. Chukua APOE e4, aina moja ya jeni ya APOE, inajulikana tangu 1993 kuwa inaongeza hatari, ingawa wengi wako nayo na hawaugui. Wayoruba wazee wa Ibadan, Nigeria, wakafuatiliwa pamoja na Wamarekani weusi wa Indianapolis, na ripoti ya 2001 ikaonyesha visa vipya vya Alzheimer Ibadan ni chini ya nusu ya kule Indianapolis, na e4 yenyewe kwa Wayoruba haikuonekana na nguvu kama kwa wazungu. Tena 2020 watafiti walisoma DNA ya Waafrika 426 tu wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote!

Na si ati sisi hatujulikani. Waluhya wa Webuye wako kwa ule mradi mkubwa wa DNA za dunia uliomalizika 2015, watu 2,504 kutoka jamii 26, na wanasayansi kila pembe wanatumia hizo sampuli mpaka leo. Shida ni kwamba zilichukuliwa bila rekodi za afya, kwa hivyo zinaonyesha vile herufi zetu ziko lakini haziwezi kusema nani aliugua nini. Hapo ndipo Western na Nyanza bado tunakosekana, na nataka tuwe ndani ya utafiti wenye rekodi hizo.

Sasa utasikia "damu yetu wanaenda kuuza." Hofu hiyo siidharau. Lakini sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za jeni zako kuwa nyeti, kwa hivyo kabla ya kusaini fomu ya kutoa damu kwa utafiti uliza sampuli inaenda nchi gani, inakaa na nani, itatumika kwa utafiti mwingine ama la, na ukitaka kujitoa unaenda kwa nani. Wakishindwa kukujibu kwa lugha unaelewa, iwe Kijaluo, Kiluhya ama Kiswahili, usiweke sahihi siku hiyo.