Visa ya mwenzi ukiwa tayari Australia: yanayosemwa Bukavu na yalivyo kweli

Bukavu ya leo, ukipanda Kadutu au ukishuka Nguba, hukosi familia yenye mtoto Australia. Wengine walipelekwa kama wakimbizi kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale au Dzaleka, wengine walienda kusoma. Sasa wawili wakipendana huko, mmoja ana makazi ya kudumu na mwenziwe ana visa ya shule inayokaribia kuisha, mashauri huanza kumiminika kwa WhatsApp kutoka huku. Odio ndefu kuliko zote hutoka kwa baba mdogo ambaye hajawahi kuomba visa yoyote. Anapenda watoto wake, hilo halina ubishi, lakini baadhi ya anayoyasema yanaweza kuua dosie, yaani faili la ombi la visa.

"Oaneni haraka, karatasi zitafuata."

Ndoa peke yake haitoi visa, wala haimzuii mtu kuondolewa nchini. Aliyeko tayari Australia anaomba visa mbili kwa mpigo: namba 820, ya muda, na namba 801, ya kudumu. Ombi ni moja na ada ni moja, zaidi ya dola 9,000 za Australia, na wakikataa hairudishwi. Kwa kawaida 801 huanza kuangaliwa miaka 2 baada ya siku ombi lilipowasilishwa. Anayemdhamini mwenziwe lazima awe raia, mkazi wa kudumu, au raia wa New Zealand anayetimiza masharti.

Ofisa anayesoma dosie anatafuta mambo manne: pesa zenu mnazitumiaje, nyumba mnaiendeshaje, watu wanawajua kama mke na mume, na mmejifunga kwa kiasi gani kuishi pamoja. Hapo ndipo huku tunapokosea. Tunatuma video ya harusi ya saa tatu, wajomba wamevaa kitenge kimoja, maspika yanapasuka. Video hiyo ina kazi yake, inaonyesha kwamba familia zinajuana. Lakini mkataba wa kupanga nyumba wenye majina mawili una uzito zaidi, pamoja na bili za umeme za miezi mfululizo, akaunti ya benki ambamo mishahara yote miwili inaingia na kodi inatoka, hata ujumbe wa saa kumi na moja jioni: "Pitia dukani, sukari imeisha." Wapenzi wengi hufuta jumbe za namna hiyo wakidhani hazina maana. Wasizifute.

Na wale wanaosema mtafute mtu wa kuoana naye "kwa karatasi tu", wajue kwamba kupanga ndoa ya uongo kwa ajili ya makazi ni kosa la jinai Australia. Kifungo chake kinafika miaka 10.

"Mahari yametoka, padri amebariki, kwa hiyo wameoana."

Kwa mila na kwa Mungu, sawa. Kwa sheria ya Kongo, bado. Kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inakubali ndoa iliyofungwa na familia kimila, ila inataka iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Ya kanisani peke yake haina nguvu kisheria. Australia nayo, kwa kawaida, inaitambua ndoa ya nje kama ilikuwa halali kule ilikofungwa. Mke wa pili hatambuliwi, hata kama ukoo mzima ulikuwepo siku ya harusi.

Asiye na cheti cha ndoa cha komini, ofisi ya serikali ya mtaa, hajafungiwa mlango. Wanaweza kufunga ndoa Australia kwenyewe, wakitoa taarifa angalau mwezi 1 kabla, na hiyo inawapunguzia kuhangaikia cheti cha ndoa kutoka mjini kwetu, kazi ambayo imekuwa ngumu tangu waasi wa M23 walipouteka mji Februari 2025. Au wanaomba kama wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa. Kwa hao, uhusiano unatakiwa uwe umefikisha miezi 12 kabla ya siku ya kuomba. Sharti hilo la miezi 12 huondolewa wakiandikisha uhusiano wao kwenye jimbo, kwa mfano Victoria, New South Wales au Queensland. Najua mama wakwe wengi watachukia kusikia neno "bila ndoa". Ofisa hawaulizi mama wakwe.

"Aende na visa ya matembezi, akifika abadilishe."

Wengine wamefanikiwa, ndiyo maana ushauri huu haufi. Lakini visa nyingi za matembezi hutolewa na sharti namba 8503: hakuna kuomba visa nyingine ukiwa ndani. Lipo kwenye barua ya visa yenyewe, na watu hawaisomi. Kuondolewa sharti hilo kunahitaji sababu nzito zilizotokea baada ya visa kutolewa, na kupendana au kufunga ndoa kwa kawaida hakutoshi.

Hatari ya pili ni kuacha visa iishe kwanza. Aliyeomba wakati visa yake bado iko hai yuko mahali pazuri. Aliyesubiri ikaisha atatakiwa kueleza sababu za kulazimisha apokelewe, na hapo dosie nyingi huangukia.

"Ameshaomba, basi aje tumzike mzee."

Huu ndio ushauri unaoniumiza zaidi, kwa sababu unatolewa wakati wa machozi. Anayesubiri 820 hupewa visa ya daraja (bridging visa, ya kusubiria uamuzi) aina ya A, inayoanza kufanya kazi visa ya zamani ikiisha. Hiyo inamruhusu kubaki, haimruhusu kutoka na kurudi. Akipanda ndege kuja matanga akiwa nayo, inakufa pale pale anapovuka mpaka wa Australia. Inabidi kwanza aombe aina ya B, aeleze sababu ya safari, angoje apewe, kisha arudi kabla ya tarehe iliyoandikwa. Maiti haingoji hayo yote. Kwa hiyo familia ikisema "huyu mtoto amekosa heshima, hakuja kumzika baba yake", kuna uwezekano mkubwa kwamba alikaa chumbani akalia peke yake kwa sababu ya sheria hii. Akishapewa 820 yenyewe, anasafiri na kurudi bila shida.

Kuhusu kazi, ni kifupi: visa ya shule ikiwa bado hai, kikomo chake cha saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo kinaendelea. Ikishaisha na daraja kuanza, kwa kawaida hakuna kikomo tena.

"Vumilia tu, ukimwacha watakurudisha."

Shangazi anayesema hivi kwa mwanamke anayepigwa hajui sheria ya huko. Kama ombi limeshawasilishwa na ndoa ikavunjika kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, mwombaji anaweza kuendelea hadi makazi ya kudumu. Ukatili huo si ngumi tu: vitisho, kunyimwa pesa na kufungiwa ndani vinahesabiwa. Wakiwa na mtoto waliyezaa pamoja, au mdhamini akifariki, kuna njia pia. Lazima aijulishe wizara ya Australia inayoshughulikia visa kwamba wameachana na alete ushahidi. Mume anayetishia "nitakufutia visa" hana kalamu ya kufuta.

"Mtoto aliyebaki kwa bibi usimtaje, atachelewesha mambo."

Mtajeni. Ofisa analinganisha fomu ya leo na ile ya visa ya shule, na yale ambayo mdhamini mwenyewe aliyasema alipokuwa kambini. Uongo ukijulikana, ombi linakataliwa na mwombaji anaweza kufungiwa visa nyingi kwa miaka 3, au 10 kama ni uongo wa utambulisho.

Ni kweli kwamba mtoto aliyeko Bukavu hawezi kuingizwa kwenye 820 ya mzazi wake, kwa kuwa hayuko Australia. Mzazi akishapata 820, mtoto anaombewa visa namba 445. Akiipata, aongezwe kwenye ombi la 801 kabla halijaamuliwa. Likiamuliwa yeye hayumo, itabidi aombewe upya kwa visa ya mtoto, na ada nyingine juu yake.