Programu jumuishi ya ustawi wa kihisia mtandaoni: ni kitu gani hasa?

Ustawi wa kihisia haumaanishi kufurahi kila siku. Mtu aliyestawi kihisia hulia msibani, hukasirika akidhulumiwa, huingiwa na hofu mwanawe akichelewa kurudi. Tofauti yake ni kwamba hisia hizo huja zikapita, na kesho yake bado anaweza kwenda kazini, kula na kuzungumza na watu wake. Hali hiyo inaweza kulegea hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa akili. Ndiyo maana Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu.

Sasa hilo neno jumuishi. Linadai kwamba mtu hatengenezwi vipande vipande. Wazo hilo lilipewa jina la Kiingereza, holism, mwaka 1926 na Jan Smuts, mwanasiasa wa Afrika Kusini, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kizima. Mswahili alikuwa ameshalisema kwa viungo vyake mwenyewe: moyo mzito, roho juu, tumbo joto. Na kweli mambo haya yameshikana. Ukikosa usingizi siku tatu, hasira huwa karibu. Hasira inazaa maneno makali kwa mwenzio, mnalala mmenuniana, na usingizi unazidi kukimbia. Programu jumuishi inajaribu kulikata duara hilo mahali pengi: kwenye usingizi, kwenye mazoezi ya mwili, kwenye mawazo yanayojirudia, kwenye uhusiano na watu wa karibu.

Hapa ndipo wauzaji wanapochanganya mambo. Kukusanya yoga, juisi, mafuta ya kunukia na hotuba za kutia moyo hakufanyi kitu kiwe jumuishi. Huo ni mfuko wa bidhaa. Sehemu zinatakiwa zisaidiane. Zoezi la pumzi la wiki ya kwanza likutulize kiasi cha kuweza kufanya la wiki ya pili.

Neno programu nalo lina uzito wake. Linadai mwanzo, mpangilio na mwisho, pamoja na kazi za kufanya nyumbani kati ya kipindi na kipindi. Mfano wa zamani ni mafunzo ya utulivu wa akili aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979: wiki 8, darasa moja kila wiki, na mazoezi ya kila siku ya kusikiliza pumzi na kunyoosha mwili taratibu. Leo mafunzo hayo yanafundishwa pia kwa video. Video 200 za kutuliza akili zilizorundikwa kwenye simu bila mpangilio hazijawa programu, hata zikiwa nzuri.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Lebanon. Wizara ya Afya ya huko na Shirika la Afya Duniani walitengeneza programu ya simu kwa watu wazima wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, wakiwemo wakimbizi kutoka Syria. Kwa Kiarabu jina lake ni khutwa khutwa, neno lililotupa sisi hatua. Ina vipindi 5. Mtumiaji anafuata kisa chenye picha cha mtu aliyepitia sonona akainuka. Kisha naye anaambiwa apange jambo dogo: kumpigia simu dada yake, kufua nguo, kutembea hadi dukani. Msingi wake ni kwamba mwenye sonona akisubiri hamu irudi ndipo afanye kitu, atasubiri sana. Akianza na kitendo, hamu hufuata nyuma. Baadaye vinakuja vipindi vya kutuliza pumzi, kujisemea maneno ya haki na kuomba msaada kwa watu.

Kitu cha thamani zaidi pale, kwa maoni yangu, ni dakika kama 15 kila wiki za msaidizi anayepiga simu au kuandika ujumbe. Si daktari, ni mtu aliyefundishwa na anayesimamiwa na mtaalamu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba sonona ilipungua kwa waliopewa programu kuliko kwa wenzao, ingawa wengi pia waliacha katikati. Kuacha njiani ndiyo shida kubwa ya huduma hizi zote, na penye mtu wa kukuulizia watu hudumu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipia, uliza kwanza: upande wa pili yuko nani, na nisipoonekana wiki mbili atajua?

Uliza pia maneno yako yanakwenda wapi. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa kampuni za matangazo, zikiwemo Facebook na Snapchat. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Hata hivyo programu nyingi tunazopakua zinaendeshwa kutoka nje, na siri ikishatoka hairudi. Kama huwezi kupata maelezo yanayoeleweka kuhusu nani anasoma majibu yako, usijaze dodoso.

Programu hizi zinamfaa mtu mwenye msongo wa mawazo, wasiwasi, upweke, au sonona isiyo kali, ambaye bado ana nguvu ya kufanya zoezi dogo. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, anayepigwa nyumbani, au aliyeanza kufikiria kujiua, asipewe kiungo cha kujisajili. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye usiku huohuo, na kumsindikiza hospitali kunapokucha au hata kabla.