Makumbusho ya kioo ya Corning wakati wa sikukuu: anzia kwenye tanuru

Wageni wengi wakifika Corning Museum of Glass, kusini mwa jimbo la New York, huanza na kale. Wanaingia kwenye ukumbi wa historia, wanasoma vibao vya maelezo mpaka macho yanachoka, na wakifika kwa mafundi hamu imeshakwisha. Mimi nashauri kinyume chake. Anza kwenye moto, kwa sababu karibu kila umbo lililomo kabatini limetokana na joto: kioo kilichotwa kikiwa laini kiasi gani, kilipashwa tena mara ngapi, kilipozwa kwa kasi gani. Ukishayaona hayo kwa macho, chupa ya Misri ya kale utaisoma hata bila kibao.

Kwanza kalenda, maana wengi hukwama hapo. Jumba hufungwa tarehe 24 na 25 Desemba na tarehe 1 Januari. Siku nyingine za majira ya baridi milango hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Wenye umri wa miaka 17 au chini huingia bure, kwa hiyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, shule zikiwa zimefungwa, familia hufurika. Fika mlango unapofunguliwa. Barabara kuu ya kufika Corning ni Interstate 86. Kutoka jiji la New York ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari barabara ikiwa kavu. Theluji ikianguka hesabu hiyo haifai tena, kwa hiyo usiweke nafasi ya kutengeneza pambo asubuhi ya siku unayosafiri.

Hilo pambo ndilo linalowavuta wengi Desemba: mpira wa kioo wa kutundika kwenye mti wa Krismasi, unaoupuliza mwenyewe ukisimamiwa na fundi. Weka nafasi mapema kwenye tovuti yao. Ukisubiri kuuliza mlangoni msimu huu utaambulia patupu. Jambo ambalo watu hawalipigii hesabu ni kwamba kazi ya moto huwezi kuondoka nayo siku hiyohiyo, kwa kuwa inalala kwenye tanuri la kupozea usiku kucha. Ukipuliza tarehe 23 utalichukua tarehe 26. Ukipuliza tarehe 31 utalichukua tarehe 2. Kama huwezi kungoja, lipia litumwe kwa posta, na usiahidi mtu kwamba litakuwa mtini mkesha wa Krismasi.

Fundi huchota kioo kwa bomba refu la chuma kutoka kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 1,150 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo kioo hutiririka kama asali, hivyo bomba huzungushwa bila kusita. Mkono ukisimama kidogo tu, kioo huning'inia upande mmoja na pambo hutoka na ukuta mnene huku na mwembamba kule. Halafu bonge hilo hubingirishwa juu ya chenga za kioo chenye rangi na kurudishwa kwenye tundu la kupashia, ambako joto ni kali zaidi, mpaka chenga ziyeyuke na kuzama. Hapo ndipo zamu yako inafika. Puliza kwa upole, mfululizo. Pumzi kali ya ghafla hukimbilia sehemu yenye joto zaidi, na sehemu hiyo hutuna peke yake hadi ukuta unakuwa mwembamba mno.

Mpira ukifikia ukubwa unaotakiwa, fundi huubana shingo kwa koleo, hudondosha maji kidogo hapo shingoni na kugonga bomba. Mpira huachia. Kisha tone la kioo cha moto huwekwa juu yake na kuvutwa kuwa kitanzi. Kiungo hicho cha kitanzi ndicho dhaifu kuliko sehemu zote. Mpira ukiwa umeshapoa kupita kiasi wakati tone linagusa, hutokea ufa mwembamba kama unywele, na pengine hauonekani mpaka kesho yake. Ukichukua pambo lako, lielekeze kwenye mwanga na ukague hapo kabla ya kitu kingine. Kuhusu rangi, mimi ningechagua zinazopitisha mwanga. Bluu nzito na zambarau nzito hupendeza mkononi lakini kwenye matawi huonekana nyeusi tu.

Na kwa nini kulaza usiku kucha? Kioo kikipoa haraka, ngozi ya nje hukakamaa wakati ndani bado kuna joto. Baadaye ndani kunaposinyaa, nje hakusogei, na mkazo hufungiwa humo. Tanuri la kupozea hushikilia kioo cha kawaida kwenye nyuzi karibu 500 mpaka joto lilingane ndani na nje, halafu hushushwa taratibu. Onyesho la kuvunja vioo hukuonyesha jambo hilihili kwa upande wa pili. Tone la kioo cha moto likidondoshwa kwenye maji hupata kichwa kigumu na mkia mrefu. Kichwa unaweza kukigonga kwa nyundo kisivunjike, lakini ukikata ncha ya mkia, tone zima hulipuka likawa unga. Usilikose onyesho hili. Lile la ukumbi mkubwa wa tanuru, wenye viti takribani 500, halihitaji kusisitizwa, maana kila mtu hulikimbilia.

Sasa nenda kwenye ukumbi wa historia, wenye kazi za kioo za karne 35. Anza na vichupa vidogo vya manukato vya Misri na Mesopotamia. Havikupulizwa, kwa kuwa upulizaji uligunduliwa karne ya 1 kabla ya Kristo, upande wa Shamu na Palestina. Vilijengwa kwa kuzungushia kioo laini kwenye kiini cha udongo na samadi kilichoshikiliwa na fimbo ya chuma, kisha kiini kikakwanguliwa. Inama utazame mdomoni mwa chupa: ndani ni kukavu, kunaparuza, wakati mwingine na mabaki mekundu au ya kijivu ya kiini. Chupa iliyopulizwa huwa laini ndani, na chini ya kitako chake tafuta kovu la mviringo ambapo fimbo ya pili ilishikilia ili mdomo umaliziwe. Ukifika kwenye vyombo vya Kirumi vyenye mng'ao wa rangi za upinde wa mvua, usimsifu fundi. Mng'ao ule umeletwa na kukaa ardhini: unyevu umenyonya chumvi za kioo na kuacha matabaka membamba yanayovunja mwanga.

Kitu ambacho watu hukipita wakidhani ni mtambo tu ni bamba kubwa la kioo lenye kipenyo cha mita 5 na uzito wa tani 20 hivi. Lilimiminwa hapahapa Corning mwezi Machi 1934 liwe kioo cha darubini ya Palomar, California. Nyuma yake kuna vishimo kama sega, vya kupunguza uzito, vilivyofinyangwa kwa viini vya matofali yanayostahimili moto. Joto liliyeyusha boliti za chuma zilizoshika viini hivyo, na kwa kuwa ni vyepesi kuliko kioo, vingine vikaelea juu. Bamba la pili lilimiminwa tarehe 2 Desemba 1934, safari hii likapozwa kwa takribani miezi kumi, na ndilo lililopelekwa Palomar. Unaloliona wewe ni lile lililoharibika, na kwangu mimi ndilo lenye mafunzo zaidi.

Jengo la sanaa ya kisasa, lililofunguliwa 2015, liendee kabla ya saa 8 mchana. Kumbi zake zinaangazwa na jua kupitia paa la kioo, na Desemba jua la Corning huzama kabla ya saa 11 jioni. Piramidi nyekundu ya Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová inaonyesha kwa nini saa ina maana. Ni rangi moja tu, lakini kingo nyembamba zinawaka na katikati kunene kunaelekea weusi. Mwanga ukipungua, tofauti hiyo nayo inapotea. Gauni la Karen LaMonte, la kioo kilichomiminwa, lizunguke lote: mwili haumo, ila alama zake zimebaki ndani. Ile chandelia (taa kubwa ya mapambo ya kuning'inia darini) nyekundu ya Javier Pérez, iliyovunjwa sakafuni na kuzungukwa na kunguru waliokaushwa, haiwapendezi watoto wote.

Koti nene na mkoba wa mgongoni viache kwenye gari. Ni hivyo vinavyogusa vitu bila mwenyewe kujua. Kamera iliyotoka kwenye baridi iache ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Zima flashi, vaa nguo za giza usijipige picha mwenyewe kwenye kabati, na sogeza lenzi karibu na kioo cha kabati uwezavyo.

Pambo likishakuwa mikononi, lifunge kwa karatasi laini ukianzia kitanzi, liweke katikati ya sanduku lisiguse kuta. Likipozwa ipasavyo halipasuki kwa sababu ya baridi ya gari pekee. Linapasuka ukilitoa kwenye baridi kali na kulisuuza kwa maji ya moto. Ukifika nyumbani liache sandukuni mpaka lipate joto la chumba, ndipo ulifungue. Litundike kwa waya au utepe imara, karibu na shina, kwa sababu pambo la kupulizwa kwa mkono ni zito kuliko yale ya dukani na ncha ya tawi hailihimili.