"Vita vya haki" havihalalishi kila kifanywacho vitani

Redio ikitangaza vita popote duniani, hapa Mwanza hukosi muumini atakayesema, "Hivyo ni vita vya haki," na kesi kwake imekwisha. Ukimtajia watoto waliofukiwa na kifusi, anajibu kwamba vita ni vita.

Vita vya haki ni fundisho la Kikristo kuhusu lini dola yaweza kushika silaha bila kutenda dhambi. Lilianzia kwa Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo. Katika karne ya 13 Thoma wa Akwino akalipanga kwa masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema.

Tatizo ni kuishia hapo. Masharti hayo yanahusu kuingia vitani. Namna ya kupigana ina hukumu yake, na jeshi laweza kushinda hukumu ya kwanza likaanguka katika ya pili.

Sisi wa kanda hii tunayo historia ya kutufundisha. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sababu ile siibishii hata kidogo. Lakini mwaka uliofuata majeshi yetu yaliibomoa vibaya miji ya Masaka na Mbarara huko Uganda, kwa sehemu kulipiza yaliyotendwa Kagera. Mama wa Masaka aliyepoteza nyumba hakuwa amevuka mpaka kuja Kyaka. Mwaka huohuo ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilitumwa kupiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Yangeangukia mitaa ya Kirumba hapa Mwanza, nani kati yetu angekubali kuambiwa vita ni vita?

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, mwaka 1965 ulitamka kwamba kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua ni kosa dhidi ya Mungu na binadamu. Haukumwachia mlango mwenye sababu njema.

Na kusema "hatukuwalenga" hakutoshi. Anayejua kwamba bomu lake litaua familia nzima ili ampate askari mmoja, ameshapima uhai wao, na atajibu kwa kipimo hicho.

Basi mjadala ukiwaka tena baada ya sala ya jumuiya, sema sababu ni ya haki kama ndivyo unavyoamini. Ukiulizwa kuhusu raia waliouawa, jibu kuhusu raia, ndugu yangu, bila kurudi kwenye sababu.