Kushika mkia NBA hakukupi chaguo la kwanza

Msimu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ukishaharibika, hakosekani shabiki wa kuitegemea drafti, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kusema: "Wacha tufungwe tu, kwenye drafti tutachagua wa kwanza." Sivyo. Kushika mkia kunaongeza nafasi tu, tena si sana.

Anayechagua kwanza hupatikana kwa droo: mashine hutiwa mipira 14 yenye namba, kisha hutoa minne, na timu iliyogawiwa mchanganyiko huo wa namba hushinda. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja hauna mwenyewe, na ukitokea droo inarudiwa. Kwa kanuni zilizoanza 2019, timu tatu za mkiani zilipewa michanganyiko 140 kila moja, yaani asilimia 14. Kabla ya hapo wa mwisho alikuwa na asilimia 25. Kwa kanuni hizo, droo huamua nafasi nne za juu tu, zinazobaki hufuata matokeo ya msimu kuanzia timu dhaifu. Ndiyo maana wa mwisho anaweza kuteleza hadi nafasi ya tano, na uwezekano wa hilo ni karibu nusu: asilimia 47.9. Timu ya Dallas, ambayo hata mkiani haikuwepo, ilishinda droo ya 2025 ikiwa na asilimia 1.8.

Detroit Pistons wanayajua haya vizuri. 2023 walishinda mechi 17 kati ya 82, wakachagua wa tano. Msimu uliofuata walifungwa 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14. Wa tano tena! Kocha aliyepewa mkataba wa miaka sita akatimuliwa baada ya msimu mmoja, meneja mkuu naye akaondoka. Uongozi mpya ukasajili wazoefu wanaojua kufunga, akina Tobias Harris na Malik Beasley, na timu ikashinda mechi 44 msimu wa 2024/25.