Mtoto akifumba macho dawa bado inaingia

Juzi tena nimeletewa mtoto wa miaka miwili, nyumbani huwa anashikwa na watu watatu, mmoja miguu, mmoja kichwa, mwingine anamfunua jicho kwa nguvu mpaka kope zimevimba, na mama ananiambia "daktari anafumba sana, dawa haiingii, kwa hiyo naongeza matone mpaka nione imeingia." Hii kauli nimeichoka jamani.

Kumfunua jicho kwa nguvu SIYO lazima. Futa tongotongo kwanza, mlaze chali bila mto, mwambie afumbe macho, hata akiyakaza sawa tu. Dondosha tone moja kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua, pale panakaa kama kidimbwi kidogo. Halafu subiri, usiongee ongee wala usimkimbize, akifungua macho mwenyewe dawa inateleza ndani, na asipofungua ivute kope ya chini taratibu kwa kidole. Asiinuke kabla hajapepesa. Kama analia ngoja anyamaze maana machozi yanaiosha dawa yote. Na mimi wazazi wote wanaokuja kwangu nawaambia, kama ratiba inaruhusu mtie akiwa amelala usingizi, huo ugomvi unaisha kabisa.

Sasa hilo la kuongeza ndo linaniudhi zaidi. Tone moja lina kama maikrolita (sehemu ya elfu ya mililita) 30 mpaka 50, na jicho la mtu mzima haliwezi kubeba zaidi ya 30 hivi, la mtoto ni dogo zaidi, kwa hiyo hata hilo moja kuna sehemu inamwagika, la pili na la tatu linaenda wapi? Linashuka shavuni au linapita kwenye kitundu cha kona ya jicho kwenda puani na kooni, ndo maana mtoto analalamika kuna uchungu mdomoni, na huko dawa inaingia kwenye damu. Kwa dawa kama timololo, ile ya kushusha presha ya jicho, mtoto mdogo anaweza kushuka mapigo ya moyo au kushindwa kupumua vizuri, atropini, ile ya kupanua mboni, ikizidi inaleta homa na moyo kwenda mbio. Tone moja, halafu bana ile kona karibu na pua kwa kidole dakika moja, basi. Kama kuna dawa ya pili subiri dakika 5, mafuta ya jicho yanakuja mwisho.

Maziwa ya mama kwenye jicho bovu? Hapana, siyo dawa na hayako salama kama mnavyodhani, bakteria wamo.

Wengine wananiambia "jicho limeshatakata nimeacha." Maliza siku ulizoandikiwa.

Dawa ya kaka yake iliyobaki kwenye kabati usiiguse. Kama ina steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe na wekundu) inaweza kupandisha presha ya jicho, na kama tatizo ni virusi vya hepesi inaharibu zaidi. Halafu chupa nyingi zikishafunguliwa ni siku 28 tu, na ncha yake isiguse kope.

Ila kichanga chini ya siku 28 anayetoa usaha huku kope zimevimba, hapo sahau yote niliyoandika juu, usitie chochote, mpeleke hospitali leo leo, kuna maambukizi anayoyapata wakati wa kuzaliwa yanayotoboa kioo cha jicho ndani ya muda mfupi sana.