Saundtraki si wimbo wa mwanzo

Nimeisikia tena juma hili, safari hii kwenye basi la Arua. Redio inapiga wimbo wa tamthilia moja ya jioni, na abiria wa kiti cha mbele anamwita kondakta: “Ongeza sauti, mzee, hiyo ni saundtraki!” Wimbo wa tamthilia, sawa. Saundtraki ni kitu kingine, tena kikubwa zaidi.

Kwa ufupi, saundtraki ni sauti yote inayokwenda na picha: maneno ya waigizaji, mlango unaobamizwa, mvua juu ya mabati, muziki, hata ukimya uliowekwa makusudi. Wimbo unaofungua kipindi ni sehemu ndogo tu ya hayo.

Neno lenyewe limetoka kwenye mkanda wa filamu. Wasemaji wa Kiingereza waliunganisha maneno mawili, la sauti na la njia, na walimaanisha njia hasa, unayoweza kuiona kwa macho. Miaka ya 1920 mafundi walifaulu kuchapa sauti kwenye mkanda uleule wenye picha. Katika mkanda wa milimita 35 ilikuwa mstari mwembamba, uliobanwa kati ya picha na matundu ya pembeni. Mwanga wa taa ulipenya kwenye mstari huo ukiongezeka na kupungua, chombo cha upande wa pili kikaugeuza kuwa umeme, na umeme ukawa sauti. Kilio cha mwigizaji na vinanda vya kumlilia vilipita njia hiyo moja.

Maana ilipinda pale muziki wa filamu ulipoanza kuuzwa kwenye santuri. Miongoni mwa za mwanzo ni ya Snow White and the Seven Dwarfs, filamu ya Disney ya 1937, iliyotoka mwaka uliofuata. Muziki uliochotwa kwenye saundtraki ukaja kuitwa saundtraki yenyewe, kama mtu achote maji Ziwa Nalubaale (Viktoria) kisha aiite ndoo yake ziwa.

Na sisi Uganda tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Ingia kibanda cha video umsikilize VJ akitafsiri filamu kwa Kiganda. Akitaka kusema anashusha sauti, na vyote vinashuka pamoja: maneno, risasi, vinanda. Hawezi kushusha maneno peke yake kwa sababu yamekwisha kuchanganywa na mengine. Hicho anachokishusha ndicho saundtraki. Tamthilia inayoingiziwa sauti mpya studio ni habari nyingine. Huko muziki na milio huletwa kando, bila maneno, ndiyo maana Kiganda kinasikika wazi na muziki wa awali haukatiki.

Kinachoniuma zaidi ni mtunzi anayesahaulika. Tukilimaliza neno lote kwenye wimbo wa mwanzo, yule aliyetunga muziki usioimbwa, unaopita chini ya maongezi, tunamnyima hata jina la kazi yake. Ndiye anayekutia hofu kabla mlango haujafunguliwa! Wanaogawa mirabaha hawachanganyi mambo haya. Katika orodha ya muziki wa kipindi, kila kipande huandikwa pamoja na mtunzi wake, urefu wake na kazi yake: ni wimbo wa kipindi, ni muziki wa usuli, au ni muziki ambao wahusika wenyewe wanausikia, tuseme redio iliyowashwa saluni ndani ya hadithi. Na Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamtambua mtunzi wa muziki wa usuli kama inavyomtambua mwenye wimbo unaopigwa kwenye basi.

Basi, ndugu yangu wa kiti cha mbele, ulichokisikia ni wimbo wa kipindi, na ni mzuri kweli. Saundtraki isubiri jioni. Televisheni ikiwashwa, ipe mgongo kidogo usikilize. Wimbo wako utapita mapema, kisha zitakuja nyayo, kikohozi cha baba mkwe, na vile vinanda vya chini ambavyo labda hujawahi kuvisikia.